Hadithi ya mizimu waliogawana korosho makaburini: mnadhani tunamcheka mzimu?

BiboKavu (mleta uzi)

Wana Kusini na wageni wote, salaam.

Kila msimu wa korosho ukifunguliwa hadithi hii hurudi kwenye magrupu, na kila ikirudi inakuwa imenyolewa zaidi. Sasa imebaki mistari miwili na vikatuni vya kucheka. Inauma, kwa sababu utamu wenyewe uko kwenye yale yaliyokatwa. Naiweka nzima kama tunavyoisimulia upande wetu wa Mikindani, kisha niseme langu. Wenye ya Lindi, Masasi, Newala na Kilwa msikae kimya.

Paukwa! (Cha kujibu mnakijua.)

Palikuwa na vijana wawili, wezi wa korosho. Si wale wa kuvunja ghala, ni wa kuokota chini ya mikorosho ya watu mwenye shamba akiwa kalala. Usiku mmoja wakapata gunia zima. Wakagawane wapi? Nyumbani wazee watauliza, barabarani sungusungu wanapita. Wakaona penye usalama ni makaburini, huko hata mgambo hana hamu nako. Wakapenya kwenye mwanya wa uzio wa minyaa, na katika kupenya korosho mbili zikadondoka. Mmoja akainama aziokote, mwenzake akamwambia ziache, tutazichukua tukitoka.

Wakakaa katikati ya makaburi, wakaanza. "Moja yako, moja yangu. Moja yako, moja yangu."

Sasa kuna mpwa wa mtu anarudi zake kutoka kwenye uraka, pombe ya mabibo. Si mlevi wa kuanguka, ni mlevi wa kuimba. Alipofika usawa wa minyaa akasikia: moja yako, moja yangu. Wimbo ukaishia hapo hapo. Akatega sikio. Moja yako, moja yangu. Mama yangu! Mizimu wanagawana maiti za watu wetu!

Mbio mpaka kwa mjomba wake. Na mjomba huyu ni mtu mzito: ndiye anayeozesha, ndiye anayekataa posa, ndiye mwenye neno la mwisho juu ya watoto wa dada zake wote. Ila hatembei. Miaka sasa anasema jini kamkalia miguuni, na jini mwenyewe hali mchicha. Anakula kuku mweupe kila Ijumaa, na kuku analetwa na wapwa kwa zamu. Mjomba akamsikiliza kijana mpaka mwisho, akacheka kwa dharau. "Mizimu ya hapa yote naijua kwa majina. Nibebe unipeleke, nikaiulize inagawana kwa idhini ya nani."

Mpwa akambeba mgongoni. Mpwa mnene, kashiba. Mjomba mkavu, mifupa mitupu. Wakafika, wakasimama kwenye ule mwanya. Ndani kule: "Moja yako, moja yangu. Basi, zimekwisha." Kimya. Kisha sauti ya pili: "Bado zile mbili pale mlangoni." Ya kwanza ikajibu: "Ehee! Ile nene niachie mimi. Wewe chukua ile iliyosinyaa."

Mpwa alichofanya ni kuachia mikono tu. Hata kishindo cha mjomba kuanguka hakukisikia. Miguu niponye, akakata katikati ya mihogo ya watu, akafika nyumbani ulimi nje, akasukuma mlango. Umefungwa kwa ndani.

"Hodi! Hodi jamani, nakufa!"

"Nani?" Sauti ya mjomba.

"Mimi mpwao!"

"Mpwa wangu keshachukuliwa. Nimesikia kwa masikio yangu, ile nene imepata mwenyewe. Wewe ni nani unayetumia sauti yake?"

Mpwa akalala nje.

Haya. Watu wanaiita hadithi ya kuwacheka mizimu. Nendeni mrudie kuisoma mnionyeshe mzimu uko wapi. Hakuna hata mmoja. Kuna wezi wawili wanaofanya hesabu yao kwa haki kuliko viongozi wengi wa vyama vya msingi vya ushirika, kuna mlevi, na kuna mjomba. Na kicheko chote, ukikifuata kinakokwenda, kinaishia kwa mjomba.

Fikirini nani alikuwa anatusimulia. Bibi, mama, mama wadogo. Huku kwetu, kwa Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba kuliko hata baba aliyemzaa. Huyo mtu hachekwi mbele za watu. Mama hawezi kukaa barazani mchana kweupe akasema kaka yangu ni mvivu na anakula kuku wa wanangu bure. Lakini usiku, watoto wamezunguka moto, akimtanguliza mzimu, anaweza kusema yote. Mzimu kawekwa mle kama kanzu tu, wa kuvuliwa nguo ni mjomba.

Ndiyo maana mimi nasema ukiikata kuku na jini wa miguuni, umeiua. Karibuni.

---

NyangaoJunction

Mkuu umetisha. Nimecheka peke yangu kwenye basi mpaka kondakta kaniangalia.

Ila ya kwetu Lindi inaendelea. Wale wezi nao waliposikia kishindo cha mjomba kuanguka na miguu ikikimbia, wakajua wenye makaburi wameamka. Wakatimua na wao, gunia wakaliacha. Asubuhi bibi mmoja anapita kwenda kuokota kuni, anakuta gunia la korosho katikati ya makaburi, limeshagawanywa mafungu mawili sawasawa. Akaunganisha, akajitwika, huyo ghalani. Akaandikiwa stakabadhi kwa jina lake. Ingekuwa 2018 ile bei ya serikali ya 3,300 kwa kilo, bibi angepaua bati.

---

DadaShangani

Hahahaha "ile nene imepata mwenyewe"! Mjomba ana roho ngumu.

Mleta uzi swali: Ijumaa iliyofuata kuku alipelekwa au hakupelekwa?

---

BiboKavu

@DadaShangani hapo ndipo msimuliaji mzuri anapopimwa. Bibi yangu hakusema. Alikuwa anatuuliza sisi: "Mngekuwa ninyi wapwa, mngepeleka?" Na sisi tunaanza kupigana, wengine wanasema jini kakimbia pamoja na mjomba, wengine wanasema jini ndiye aliyembeba mjomba kurudi, kwa hiyo sasa anadai kuku wawili. Huyu wa kuku wawili leo ni wakili.

@NyangaoJunction mwisho wenu mtamu, sikatai, lakini mimi siupendi. Unapatanisha kila kitu: wezi wamekosa, bibi kapata. Inageuka hadithi ya kufundisha watoto wasiibe. Ya kwetu inaishia mlangoni, mjomba ndani, mpwa nje, na aibu haina pa kwenda.

---

MgeniTandahimba

Wakuu naomba msinicheke. Mimi ni mtu wa Moshi, nimehamishiwa kikazi Tandahimba mwezi uliopita. Kabla sijaja kila mtu aliniambia Kusini kuna mandondocha, ukilala unaamkia shambani kwa mtu unalima. Nimefika, watu wakarimu, ugali wa muhogo na samaki, sijaona kitu. Lakini juzi alfajiri nimetoka nje kwenda chooni, nikaona njiani kuna mtu WA RANGI YA NJANO, mwili mzima, kichwa mpaka miguu, macho mekundu, kajifunga shati mdomoni, anakuja kwangu taratibu. Nimerudi ndani kwa dirisha. Yule ni nani?

---

Kitangari_1

😂😂😂 Karibu Kusini mkuu. Yule ni mkulima ametoka kupuliza salfa.

---

NyangaoJunction

Nimeanguka kitandani. Kwa dirisha!

---

Kitangari_1

Ngoja nimweleweshe mgeni wetu maana hii haiko kwenye barua ya uhamisho. Mikorosho inashikwa na ubwiriunga, ugonjwa kama unga mweupe unaokaa kwenye maua na majani machanga. Maua yakishikwa korosho hakuna. Dawa yake ya miaka yote ni salfa ya unga, inapulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni. Na haipulizwi mchana, upepo utaipeleka kwa jirani. Inapulizwa alfajiri, hewa imetulia na majani yana umande, ili unga ushike. Kwa hiyo mtu anatoka usiku, anazunguka chini ya miti na mashine inanguruma, vumbi la njano linapanda kwenye matawi nusu nzuri na nusu linamrudia yeye. Likikuingia machoni unalia mpaka jua litoke. Ndiyo hayo macho mekundu uliyoyaona. Shati mdomoni ni kwa sababu bila hivyo unakohoa siku nzima.

Mimi mwenyewe niliwahi kupita kwenye nyumba ya watu kuomba maji ya kunawa baada ya kupuliza. Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta. Alichonitupia ni ungo. Mchele wote chini. Na aliyekuja kunitambua ni mtoto wake mdogo, akasema, "Mama, mzimu gani huyu amevaa ndala za mjomba?" Nilikuwa nimeazima ndala za kaka yake yule mama, kweli.

---

DadaShangani

Mtoto kaokoa ukoo. Watu wazima wote wangesimulia mzimu mpaka kesho.

---

BiboKavu

@Kitangari_1 hii yako inanipeleka kwenye jambo nililotaka kulisema. Angalieni ripoti ya mpwa. Alichokipata makaburini ni sauti mbili. Hakuona mtu. Lakini kuna wasimuliaji, nao ndio wazuri, ambao kijana akifika kwa mjomba wanamfanya aseme "nimewaona kwa macho yangu haya mawili, mmoja ana pembe". Wanakuachia wewe mtoto ukumbuke mwenyewe kwamba pale kwenye minyaa palikuwa giza na yeye hakuingia hata hatua moja. Anayeshangilia hapo ni yule mtoto aliyekuwa anasikiliza vizuri.

Mizimu yote ninayosimuliwa mtaani iko hivyo. Aliyeiona ni shemeji wa rafiki. Na aliyeiona karibu zaidi ndiye aliyekimbia mapema zaidi.

---

MmatumbiHalisi

Nimesoma, nimecheka, lakini naomba niweke breki.

Mimi natoka Kilwa, milima ya Umatumbi. Sisi mambo ya mizimu hatuyachukulii mzaha kiasi hiki. Kinjikitile Ngwale pale Ngarambe hakuwa mjomba wa kula kuku. Watu walisema roho inayoitwa Hongo imempanda, akatoa maji ya kinga dhidi ya risasi, watu wakatoka Umatumbi mpaka nje ya Umatumbi kuja kuyachukua. Wazee wa Nandete walipong'oa pamba ya Mjerumani mwaka 1905 walikuwa wanajua wanachokifanya. Kinjikitile akanyongwa mwaka huo huo, vita vya Maji Maji vikaendelea mpaka 1907, Liwale, Masasi, Songea, na njaa iliyofuata ikaua watu kuliko risasi. Sasa leo tukikaa tunasema "hakuna mzimu, ni wezi wa korosho tu", tunasema na wale walikuwa wamesikia sauti za wezi?

Sisemi hadithi ifutwe. Nasema siyo kila mzimu ni wa kuchekwa.

---

Chikundi

+1. Mmatumbi kaongea.

---

BiboKavu

@MmatumbiHalisi umenigusa, na nakubaliana nawe kwamba Ngarambe si mahali pa mzaha. Lakini tazama tofauti. Kinjikitile watu walimfuata kwa sababu alikuwa mbele, na kitanzi kilimkuta yeye kabla ya wengi. Mjomba wa hadithi ni kinyume chake kabisa: anajua mizimu kwa majina, anabebwa kwenda vitani mgongoni kwa mwingine, na mambo yakiharibika anamfungia mlango aliyembeba. Hadithi haisemi mizimu ni uongo. Inasema usimwamini kila anayesema anaijua. Mtu aliyezika ndugu zake wa Maji Maji angeicheka hadithi hii vizuri tu, nadhani angecheka kuliko mimi.

---

MmatumbiHalisi

Hapo sawa. Mlango umenishawishi.

Ila watoto wangu nitawaambia kwanza ya Nandete, ndipo hii.

---

Mstaafu_Chaki

Vijana, nimefundisha Kiswahili miaka mingi katika mkoa huu, ngoja niongeze kuni.

Hadithi hii si yetu peke yetu. Wataalamu wa hadithi simulizi wana orodha ya dunia nzima inayopanga hadithi kwa namba, na ndugu yake huyu ana namba 1791. Jina walilompa linamtaja mhudumu wa kanisa aliyembeba padri. Huko Ulaya anayebebwa mara nyingi ni padri, miguu yake inauma, anataka apelekwe makaburini akawafukuze mashetani kwa maombi. Anaangushwa, na anafika nyumbani wa kwanza.

Tena ni ya zamani. Kuna kitabu cha vichekesho kilichopigwa chapa London mwaka 1526 chenye ndugu yake mwingine. Humo wezi ni wawili, mmoja kaiba njugu, mwenzake kaenda kuiba kondoo. Wa njugu anamsubiri mwenzake kanisani usiku, anavunja njugu zake na kula, watu wanadhani ni mzimu wa marehemu aliyekuwa mpenzi wa njugu. Anakuja mwanamume mwenye nguvu kambeba mgongoni asiyeweza kutembea, wakashuhudie. Mwizi gizani anadhani ni mwenzake kabeba kondoo, anauliza, "Kanona?" Mbebaji anatupa mzigo: kanona, kakonda, huyo hapo. Na asiyetembea akatembea.

Sasa mleta uzi, hii inakusaidia au inakuharibia?

---

BiboKavu

Mwalimu, shikamoo. Umenipa nyama ya mwezi mzima.

Inanisaidia. Hadithi ikisafiri inabadilisha mtu mmoja tu, yule wa mgongoni. Ulaya walipokuwa hawawezi kumcheka padri mchana, wakampandisha mgongoni usiku. Ilipofika kwetu, au ilipozaliwa kwetu upya, padri hana kazi humo, hasa huku pwani kwa Waislamu. Aliyewekwa ni mjomba. Nenda kijiji chochote, sikiliza hadithi hii, angalia nani kabebwa: ndiye ambaye watu wa pale wanamwogopa kumsema. Mpe hadithi hii mtoto wa Dar leo asimulie, mgongoni atapanda mtume na nabii wa mafuta ya upako.

Na njugu na korosho zinavyofanana! Kitu cha kuhesabika kimoja kimoja, chenye ganda, kinachotoa sauti.

---

Mstaafu_Chaki

Marahaba. Hoja yako ina miguu, hata kama ya mjomba ilikuwa haina.

---

ViongoViwili

Samahani nitaharibu sherehe. Nina mdogo wangu hatembei tangu azaliwe, yuko Masasi. Hadithi hii akiwa darasani wenzake walimsukuma wakimwambia "tuone kama utakimbia ukiona mzimu". Mnaposema ni nzuri mnasahau inatumikaje.

---

BiboKavu

Dada au kaka, pole sana, na hao watoto walipaswa kuchapwa maneno makali.

Ila sikiliza walichosimuliwa. Nina hakika walisimuliwa ile fupi ya kwenye magrupu: kiwete kabebwa, kaangushwa, kakimbia, cheka. Hiyo na mimi siitaki kuisikia. Kwenye hadithi nzima miguu ya mjomba haina ugonjwa wowote. Ina jini la kujitungia na ina kuku kila Ijumaa. Tunajua hivyo kabla hajapanda mgongoni. Ukiwakata kuku, unabaki unamcheka mlemavu, na hicho ni kitu kingine kabisa, kibaya. Mimi nikiisimulia kwa watoto nakaa sana kwa kuku: nani kamlea, kauzwa shilingi ngapi na mwingine mweupe katafutwa kijiji gani, mtoto gani siku hiyo kalala na mboga ya majani kwa sababu kuku wa nyumbani kaenda kwa jini. Mpaka mtoto awe na hasira na mjomba ndipo namwangusha.

---

ViongoViwili

Hiyo sikuwahi kuisikia. Nitamsimulia hivyo.

---

Kitangari_1

Mimi nirudi kwenye hoja ya akina mama kusimulia. Newala tuna kitu kikubwa kuliko hadithi: mapiko.

Kwa wasiojua, mapiko ni ngoma ya vinyago. Mtu anavaa kichwa cha mti mwepesi kilichochongwa kama sura ya binadamu, kina nywele za kweli zimebandikwa, mwili wote kafungwa nguo usione hata kidole, njuga zinalia. Akili yake yote iko kwenye mdomo wa kinyago, maana ndipo anapoonea. Ukimtazama usoni unamtazama pasipo na macho. Zamani wanaume waliwaambia wanawake na watoto ambao hawajaingia jandoni kwamba huyo ni mfu karudi, amefukuliwa. Wanawake wanakimbia wakipiga kelele.

Nikamuuliza bibi yangu mzaa mama, hivi kweli mlikuwa hamjui? Akanitazama weee. Akasema: "Mume nimemfulia nguo mwaka mzima, mguu wake ulivyopinda naujua, leo kaweka kichwa cha mti nisimjue?" Sasa mbona mlikimbia? "Tusipokimbia watacheza na nani?"

---

DadaShangani

BIBI!!! Huyu bibi apewe uzi wake.

---

NyangaoJunction

"Tusipokimbia watacheza na nani" naiweka stetasi.

---

BiboKavu

@Kitangari_1 mpe bibi shikamoo yangu. Kasema kwa mstari mmoja nilichohangaika nacho bandiko zima. Wanaume wana mzimu wao wa kutisha mchana uwanjani, wanawake wana mzimu wao wa kuchekesha usiku jikoni, na kila upande unajua mwenzake anafanya nini.

---

Kitangari_1

Zimefika. Na anasema kuna wa tatu, wa njia ya maji. Kabla ya mabomba uwanda huu wa Makonde ulikuwa mkavu, kina mama walitoka usiku wa manane kushuka bondeni, wanarudi jua limepanda na mtungi kichwani. Ile njia ilikuwa na mzimu mkali, anaita mwanamume kwa jina lake. Nikamuuliza mbona hakuwahi kumwita mwanamke. Akasema, "Sisi ndio tuliomwajiri."

---

MgeniTandahimba

Naanza kuelewa Kusini. Kila mzimu una mwenyewe.

Lakini jamani, msibani mbona mnacheka? Nimehudhuria msiba hapa, mtu anashushwa kaburini, jamaa mmoja kaingia kaburini akalala, anasema hatoki mpaka apewe hela ya soda. Watu wanacheka na machozi yako usoni. Kwetu huyo angepigwa.

---

Chikundi

Huyo ni mtani mkuu. Haki yake. Usipompa kitu anaweza kulala humo mpaka jioni. Na hapo hujamwona aliyevaa koti la marehemu akatembea kama alivyokuwa akitembea, akawadai watu madeni aliyowakopesha. Mjane akicheka siku hiyo, watani wamefanya kazi yao, wanaondoka na kuku.

---

BiboKavu

Na ndiyo maana hadithi ya korosho inasimuliwa sana mkeshani kuliko mahali pengine. Nimeisikia kwenye mikeka ya msibani mara nyingi kuliko jikoni. Anayeisimulia ni mtani, na mjomba wa hadithi siku hiyo anapewa tabia za mjomba wa ukoo ule uliofiwa: kikohozi chake, anavyoshika fimbo. Mjomba mwenyewe kakaa pale pale kwenye mkeka, anaangalia chini, mabega yanamtikisika. Hawezi kukasirika, mtani hakasirikiwi.

Kwa hiyo @MgeniTandahimba, kucheka kule hakumdharau marehemu. Marehemu amelala zake. Wanaotingishwa ni waliobaki na vyeo vyao.

---

NyangaoJunction

Wakati tunabishana hapa, mzimu mkubwa kuliko wote wa Lindi yuko Ujerumani. Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, kachimbwa kati ya 1909 na 1913, kabebwa vichwani na watu wetu mpaka bandarini Lindi, leo kasimama Berlin mifupa mitupu, urefu wa mita 13 kwenda juu, watu wanalipa kiingilio kumwangalia. Na hakuna hata mmoja anayekimbia.

---

DadaShangani

Moja yako, moja yangu. Ile nene wakaichukua wao 😂

---

MmatumbiHalisi

Dada umeua.

---

Mstaafu_Chaki

Binti, hiyo ingekuwa mwisho wa hadithi nzima. BiboKavu, andika toleo hilo: wagawanaji wawe wazungu, gunia liwe la mifupa.

---

BiboKavu

Mwalimu hiyo nitaiandika, nipe muda. Mgongoni nimpandishe nani?

---

Mstaafu_Chaki

Akida, yule mtawala wa Mjerumani vijijini.

---

Chikundi

Mimi nina swali la kiufundi kabla uzi haujafungwa. Mjomba na mpwa walitoka pamoja. Mjomba kabebwa. Sasa mlango ulifungwaje kwa ndani, na ufunguo alikuwa nao nani?

---

BiboKavu

Nyumba ya udongo, komeo la mti kwa ndani. Aliyetangulia kuingia ndiye mwenye ufunguo.

---

Chikundi

Na mke wa mjomba alikuwa wapi muda wote huo?

---

Kitangari_1

Bibi anasema ndiye aliyekuwa njiani kwenda kuokota kuni.

---

NyangaoJunction

NILIWAAMBIA GUNIA LINA MWENYEWE.